Tairi Kwenye Dirisha la Keki

Jumatano ya Wiki Kuu mji mzima wa Volos, kule Ugiriki, hukumbuka matairi kwa mpigo mmoja. Majira yote ya baridi hakuna aliyeinama hata siku moja kutazama chini ya gari lake. Zikibaki siku nne watu wapande vijijini kuchoma mwanakondoo wa Pasaka, ndipo wanashtuka: lo, tairi kipara! Basi wote wanamiminika kwenye yadi ya matairi yaliyotumika ya Vangelis na dada yake, nyuma ya stesheni ya reli, wakipiga honi na kusukumana, kila mmoja akiapa kwamba yeye ndiye aliyetangulia.

Katikati ya vurugu hiyo alisimama huyo dada mtu, Garifalia, Lia kwa waliomzoea. Miaka ishirini na tisa, ovaroli ya bluu, mikono imekunjwa hadi viwikoni, kitambaa cha njano kichwani, kucha nyekundu. Usishangae kucha. Mikono yake ilikuwa na grisi kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, lakini kucha alizipaka rangi kila Jumapili, na ile ya kidole cha mwisho cha mkono wa kulia aliiacha ndefu, akaichora kimstari cheupe katikati ya wekundu. Kazi ya kimstari hicho utaiona sasa hivi.

"Dada, samahani. Naomba yale manne yanayong'aa."

Lia aligeuka. Mbele yake alisimama kijana mrefu, shati jeupe, macho mazito ya mtu ambaye hajalala siku tatu, na ananukia siagi. Kati ya watu wote waliokuwa wakinuka moshi na jasho pale, huyu mmoja alinukia kama asubuhi ya sikukuu.

"Yapi hayo?"

"Yale pale juu. Meusi tititi. Yanaonekana mapya."

"Kaka, wewe unaoka mikate?"

"Keki na mikate mitamu. Umejuaje?"

"Una unga kwenye nyusi. Hebu niambie, mteja akija dukani kwako akachagua keki kwa sababu inang'aa, utamuuzia?"

Kijana akafikiri kwa dhati kabisa, na hapo hapo Lia akampenda kidogo, maana wateja wengine hawakuwa wakifikiri, walikuwa wakipiga kelele tu.

"Inategemea," akasema. "Kama inang'aa kwa shira, sawa. Kama ni ya juzi na nimeipaka shira juu kuficha ukavu, hapana. Mama ataniua."

"Basi yale yamepakwa shira." Lia akashusha moja, akalifuta ubavuni kwa kitambaa chenye petroli. Weusi ukatoka, na chini yake kukaonekana mipasuko midogo midogo kama kisigino cha mtu anayetembea pekupeku. "Unaona? Haya nauzia watu wa matrela ya shambani, na nawaambia. Gari la haraka likivaa haya, linapasuka."

"Wewe unawafukuza wateja, dada!" akacheka kijana. "Kaka yako anajua?"

"Kaka yangu ndiye aliyenifundisha. Inama hapa."

Akainama. Lia akavuta tairi jingine kutoka kwenye lundo lililoletwa kwa lori kutoka Uswisi, halina mng'ao wowote, limejaa vumbi. Akazamisha kucha yake ndefu ndani ya mfereji wa tairi. Kimstari cheupe kikapotea chote.

"Milimita nne ni hapa kwenye mstari. Mstari ukizama, nunua. Ukibaki nje, acha. Halafu tazama humu ndani ya mfereji, kuna kinundu kidogo cha mpira. Siku tairi limeliwa hadi likalingana na kinundu, limekufa, lizike. Sasa bonyeza kwa ukucha wa dole gumba. Linabonyea? Basi bado lina uhai. Soma na hizi tarakimu nne, wiki na mwaka. La miaka mitatu."

"Zuri basi."

"Haraka ya nini? Hujaona ndani." Akaligeuza. "Magari mengine hula tairi upande wa ndani, usioonekana yakisimama. Wauzaji wengine wanakugeuzia upande wa nje, mzuri kama bibi harusi, ndani nyuzi zinachungulia. Na mwisho kabisa, papasa. Kiganja chote. Peleka hivi, kisha rudisha."

Kijana akapapasa, na mikono yao ikagusana, na wote wawili wakajifanya hawajaona.

"Kwenda laini," akasema, "kurudi laini."

"Vizuri. Ingekuwa kwenda laini na kurudi kunakwaruza kama msumeno, ungejua gari lililolivaa magurudumu yake yalikuwa yamepinda, hayatazami mbele. Jicho haliuoni msumeno huo. Ni kiganja tu."

"Lia!" mtu akapiga kelele nyuma. "Unauza tairi au unafundisha chuo?"

"Ngoja zamu yako, Mzee Stathis! Wewe baiskeli yako haina hata injini!" Kisha kwa kijana: "Gari gani?"

Kijana akanyoosha kidole nje ya lango. Gari jekundu, viti viwili, paa la turubai, mdomo chini kama linanusa barabara. Lia akakunja uso. Gari lile kila mtu Volos alilijua.

"Hilo ni gari la Thomas."

"Alikuwa mjomba wangu. Ameniachia. Mimi Apostolis, wa duka la keki la mama yangu, Malamo, kule ufukweni."

"Unakwenda nalo wapi?"

"Popote barabara inapokwenda."

"Mlimani?"

Apostolis hakuelewa kwa nini sauti ya yule dada imebadilika. Lakini wakati huo Vangelis alipita mbele yao amebeba rimu mbili, akichechemea, mguu wa kulia ukichora nusu duara kila hatua, na Apostolis akaelewa kidogo. Miaka mitano nyuma Vangelis alishindana kupanda mlima Pilio dhidi ya saa, kona kwa kona, na kwenye kona ya kumi na nne gari halikukata. Miezi mitatu Lia alimlisha kwa kijiko. Tangu siku hiyo alijiwekea sharti mbele ya picha takatifu ya Bikira: mtu wa kukimbiza magari mlimani hatamuuzia tairi, wala hatampa moyo wake. Kaka alikuwa naye mmoja, na machozi yale hakuwa tayari kuyalia mara ya pili.

"Simuuzii mtu wa mlimani," akasema wazi. "Mjomba wako nilimnyima, akaenda kununua mjini Larisa. Niahidi au nenda."

"Dada, mimi nabeba krimu. Nikikata kona kwa kasi inamwagika. Naapa kwa mikate ya mama yangu, mlimani sikimbizi gari."

"Mikate ya mama yako ina thamani gani?"

Apostolis akaenda garini, akarudi na mkate mtamu wa Pasaka, uliosukwa kama nywele, yai jekundu katikati, bado una joto. Lia akanyofoa kipande papo hapo na mikono ya grisi, akatafuna, akafumba macho.

"Nimekubali kiapo," akasema.

Saa sita usiku wa kuamkia Pasaka, kengele bado zinalia, fataki zinapasuka na watu wanagongeshana mayai mekundu kama ilivyo desturi, simu ya Lia ikaita.

"Kristo amefufuka, Lia."

"Kweli amefufuka. Nani mwenzangu?"

"Yule wa unga kwenye nyusi. Una yai?"

"Ninalo mkononi."

"Nami ninalo. Tugonge."

"Kwa simu? Una wazimu!"

"Gonga kwenye simu yako, nami yangu. Moja, mbili, tatu!"

Yai la Lia likapasuka vipande na ganda likaingia kwenye simu. Kwa wiki nzima iliyofuata kila aliyempigia alimsikia kwa mbali, na hakujali.

Mambo yakaenda mbio. Jumamosi walikaa ufukweni kwenye meza iliyotandikwa karatasi, tsipouro, pombe kali ya zabibu, kwenye vichupa vidogo, pweza wa kuchoma, na kila kichupa kipya kinakuja na kisahani kipya. Lia alivaa gauni jeupe la madoa ya bluu, na Apostolis akamsahau pweza.

"Unatazama nini?"

"Naangalia kama umepakwa shira."

"Mshenzi wewe!"

"Sikuona ufa wowote, mpenzi. Nimetazama vizuri."

"Hujatazama ndani."

"Nipe muda," akasema Apostolis, na safari hii hakuwa anatania. Lia akayaangusha macho kwenye sahani ya pweza, akacheka peke yake.

Mwezi wa tano gari dogo la mizigo la duka la keki likafa injini. Hoteli moja ya Larisa ilikuwa inasubiri trei zake kila asubuhi, kwa hiyo Apostolis akawa anazipeleka kwa gari la michezo. Mji ulicheka! Paa wazi, dereva mmoja, na kwenye kiti cha abiria trei nne za galaktoboureko, keki za krimu na shira, zimefungwa mkanda kama bibi mnene anayekwenda kwa daktari. Kila asubuhi alipopita kivuko cha reli alimpigia Lia.

"Umeamka, roho yangu?"

"Nimeamka. Abiria wako hajambo?"

"Anavuja shira kidogo. Analia kwa kuwa hukuja kumuaga."

"Weka simu chini uendeshe."

"Neno moja tu. Jana ulipovua kile kitambaa nywele zikaanguka, mimi..."

Pwaaa! Lia akaruka kitandani.

"Apostolis! Nini hiyo? Apostolis!"

"Hakuna kitu, hakuna kitu, mpenzi. Trei imeanguka. Ee Mama wa Mungu, krimu yote kwenye viatu vyangu!"

Lia akacheka hadi akashika mbavu. Kilichopiga kelele hakikuwa trei, lilikuwa shimo la kando ya reli, ambalo manispaa hulifunika kila mwaka na mvua hulifunua. Trei ilianguka baadaye. Apostolis aliinama akatazama: rimu nzima, tairi zima, hakuna pancha. Usukani ulikaa upande kidogo kuanzia siku hiyo, lakini akili yake ilikuwa kwenye viatu, na baada ya siku mbili alishauzoea. Akaendelea na Larisa, kwenda na kurudi, kila siku, barabara nyoofu ya tambarare, polepole kwa ajili ya krimu.

Tarehe ishirini ya mwezi wa sita akapita yadini. Vangelis alikuwa amekwenda bandarini kupokea mzigo.

"Mpenzi, gari linavuta kushoto kama punda. Hebu litazame, mimi nikuchotee maji."

Lia akalipandisha kwenye jeki, akilini anapanga wale samaki gani jioni. Akainama. Akawasha tochi. Akaizima, akaiwasha tena. Yale matairi mawili ya mbele, aliyoyachagua yeye kwa kucha yake, nje yalikuwa mazima, na ndani yameliwa hadi nyuzi zinaonekana.

Nyuzi kama hizo zilimkaa akilini tangu asubuhi ile alipokwenda kutazama mabaki ya gari la kaka yake.

Apostolis akarudi na gilasi ya maji.

"Inama," Lia akasema. "Tazama."

"Lo! Yamekuwaje haya?"

"Umekwenda mlimani."

"Nini?"

"Barabara ya Larisa imenyooka. Haili tairi hivi. Haya yameliwa kwenye kona. Umekwenda mlimani, na si mara moja."

Apostolis akaweka gilasi chini taratibu.

"Lia, unaniuliza au unaniambia?"

"Sina haja ya kuuliza. Tairi limeshasema."

"Tairi limesema. Na mimi je? Mimi sina mdomo?"

"Tairi halijawahi kunidanganya."

"Mimi nimekudanganya lini?"

"Uliniapia! Kwa mikate ya mama yako!" Akalipiga tairi kofi. "Unataka nikulishe na wewe kwa kijiko? Au nisipate hata wa kumlisha? Nyuzi, Apostolis! Kona moja zaidi ungekuwa chini bondeni, na mimi hapa napanga samaki!"

Apostolis angeweza kujibu. Neno moja lingetosha. Lakini naye ni mtoto wa Malamo, na Malamo hawezi kuinamisha kichwa hata akipita mlango mfupi.

"Siku ukitaka kuniuliza mimi," akasema, "dukani kwetu unapajua. Mimi siwezi kukaa na mtu anayesikiliza mpira kuliko mimi."

Lia akamgeuzia mgongo. Ila hakumruhusu kuondoka na nyuzi. Akafungua yale mawili, akamfungia mengine mawili mazuri, akakaza nati moja moja huku machozi yanachuruzika hadi kwenye spana, akamrudishia funguo bila kumtazama. Gari jekundu likatoka langoni. Yale mabovu akayatupa kwenye lundo la kusubiri lori la taka.

Siku kumi. Kivuko cha reli kilikaa kimya kila asubuhi. Lia aliamka saa ile ile bila simu, akalala akitazama dari. Aliandika ujumbe, akafuta. Apostolis naye aliweka chumvi mahali pa sukari kwenye trei nzima, mama yake akaonja, akatema, akachukua simu.

"Garifalia, mwanangu, mimi ni Malamo."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sikuulizi mmegombana nini, hayanihusu. Nakuambia tu kwamba wateja wangu wanakula chumvi."

"Mama, mimi..."

"Na siku ya jina lake ni tarehe thelathini. Usiseme sikukuambia." Akakata.

Sasa hilo si jambo dogo. Siku ya kuzaliwa mtu anaweza kuisahau, lakini siku ya jina, yaani sikukuu ya mtakatifu anayeitwa naye jina moja, mlango uko wazi tangu asubuhi, na hakuna anayealikwa. Anayekupenda anakuja mwenyewe. Asiyekuja, amekuambia. Lia alilijua hilo tangu ananyonya, na Apostolis alilijua, na kila mmoja alikuwa akihesabu siku upande wake.

Asubuhi ya tarehe thelathini lori la taka lilikuwa njiani. Vangelis alikuwa akipanga matairi mabovu, anachechemea na kupiga mluzi. Mikono yake ina tabia zake, hailishiki tairi bila kulipapasa. Mara mluzi ukakatika.

"Lia! Haya yametoka kwenye gari gani?"

"Tupa."

"Nimeuliza gari gani."

"La Apostolis. Yale ya mlimani. Tupa, nimekwambia, nisiyaone!"

Vangelis alikuwa ameambiwa tu kwamba kijana amevunja ahadi, na kwa kuwa mlima ulimhusu, hakuthubutu kuuliza zaidi. Akaliweka tairi chini. Kisha akamfuata, akakivuta kile kitambaa cha njano kutoka kichwani, akamfunga nacho macho.

"Vangelis, sina mchezo leo!"

"Wala mimi. Lete kiganja. Papasa."

"Nimeshayaona."

"Kuona umeona. Umepapasa?"

Lia akakumbuka. Hakupapasa. Mtu aliyewafundisha wateja elfu moja kupapasa, siku ya mpenzi wake alitazama kwa tochi akaanza kulia. Akanyoosha mkono gizani.

"Kwenda?" akauliza Vangelis.

"Laini."

"Rudisha."

Lia akarudisha kiganja, na mpira ukamkwaruza kwa vijino vidogo vikali, kimoja baada ya kingine.

"Msumeno," akasema kwa sauti ndogo.

"Haya. Shika na bega la nje, hapa ukingoni. Kuna mahali mpira umesuguka ukajikunja?"

"Hakuna. Liko zima kabisa."

"Mimi mlima ulinitafuna, Lia, meno yake nayajua. Mlimani bega la nje linachunika. Hili halijaona kona hata moja ya maana. Magurudumu yalipinda, basi, akaenda nayo njia nyoofu, yakajisugua. Kijana amegonga kitu."

Lia akavua kitambaa. Aliisikia ile asubuhi sikioni kama ni jana. Pwaaa! Hakuna kitu mpenzi, trei imeanguka.

"Mungu wangu, nilikuwa kwenye simu," akasema. "Amegonga akiwa anaongea na mimi. Anazisifu nywele zangu, mjinga yule! Leo tarehe ngapi?"

"Thelathini."

"Na yale niliyomfungia?"

"Yanaliwa sasa hivi tunavyoongea."

Lia akakimbia ndani. Akatoka baada ya dakika kumi na tano amevaa gauni la njano lenye vifungo mbele, viatu vya kamba, nywele zimeachiliwa, kucha zimepakwa upya na bado hazijakauka. Akalishika lile tairi, akalisimamisha.

"Ngoja nikupeleke kwa pikapu," akasema Vangelis.

"Nikingoja nitaogopa."

Basi, wenye kukaa ufukweni saa tano ile waliona kitu ambacho wanakisimulia hadi leo. Msichana wa gauni la njano anasukuma tairi la gari kama watoto wanavyosukuma ringi, anakimbia nyuma yake, nywele zinapeperuka, kati ya meza za kahawa baridi.

"Lia! Umepata pancha?"

"Nimepata akili!"

"Unakwenda wapi na hilo?"

"Kwa mtu mwenye siku ya jina! Nipisheni!"

Mahali pamoja tairi likamponyoka, likaingia kwenye meza za wazee wanaocheza tavli, mchezo wa kete na dadu, likapindua ubao. Mhudumu akalizuia kwa goti. Wazee wakatukana, kisha wakamjua, kisha wakainuka wote wamfuate, maana mchezo ulishaharibika na hili lilionekana tamu zaidi.

Duka la Malamo lilikuwa limejaa hadi barazani. Mama mwenyewe alisimama kwenye kaunta na gauni la hariri la bluu iliyokolea na lulu shingoni, anagawa keki kwa koleo. Apostolis alikuwa na koti jeupe lililopigwa pasi, anapokea mabusu ya mashangazi, anasema ahsante, ahsante, na kila kengele ya mlango ikilia shingo yake inageuka.

Ikalia. Likaingia tairi kwanza.

Duka zima likageuka. Lia alisimama nyuma ya tairi, anahema, ameloa jasho, gauni lina alama nyeusi ya mpira kuanzia kiunoni hadi gotini.

"Uishi miaka mingi, Apostolis."

"Ahsante." Akalitazama tairi. "Umekuja na zawadi?"

"Nimekuja na shahidi wangu. Shahidi wangu alisema kweli. Mimi ndiye niliyemsikia vibaya." Akashusha pumzi. "Nilitazama, sikupapasa. Ulipiga shimo pale relini, magurudumu yakapinda, na mimi nikakuita mwongo mbele ya uso wako bila kukuuliza neno. Niliogopa, Apostolis. Nilipoona nyuzi nilikuona wewe chini bondeni, na akili ikaniruka. Nisamehe."

Hakuna aliyetafuna. Hata watoto waliacha kulamba vijiko.

"Uliniambia siku nikitaka kukuuliza wewe nije," akaendelea Lia. "Nimekuja. Nakuuliza wewe, si tairi. Ulikwenda mlimani?"

"Hapana."

"Basi."

"Basi tu? Hutaki kuwasha tochi?"

"Umesema hapana. Imetosha."

Apostolis akazunguka kaunta. Alitaka kuendelea kununa kidogo, alikuwa na haki yake ya siku kumi, lakini mdomo wake ulishaanza kucheka wenyewe.

"Nami nilikuwa na neno moja la kukujibu, nikalikalia kwa kiburi," akasema. "Ningesema nimegonga shimo, ungenikokota kwa kamba hadi kwa Vangelis siku ile ile."

"Simama hapo hapo, sijamaliza," akasema Lia. "Nina swali la pili."

"Uliza."

"Utanioa?"

Koleo la Mama Malamo likaanguka kwenye krimu. Shangazi mmoja akajipiga msalaba mara tatu. Mlangoni wazee wa tavli wakaanza kupigana vikumbo waone vizuri. Apostolis akafuta mikono yake kwenye koti, kidole kimoja kimoja, kwa utaratibu wa kuudhi.

"Hilo ni swali zito," akasema. "Siwezi kulijibu kwa macho tu. Lete mkono."

Lia akampa. Apostolis akaupokea kiganja juu, akaweka chake, akapapasa polepole kutoka kwenye kifundo hadi ncha za vidole, rangi mbichi ya kucha ikamchafua.

"Kwenda laini," akatangaza.

"Rudisha!" akapiga kelele Mama Malamo. "Rudisha, mwanangu, usituue!"

Akarudisha.

"Kurudi kuna sugu."

"Mimi nafanya kazi, bwana, unataka nini!" Lia akasema, analia na kucheka kwa pamoja.

"Nauchukua hivyo hivyo," akasema Apostolis, na akaubusu, sugu na grisi na rangi. "Mkono, na mwenye mkono. Ndiyo, Lia. Nitakuoa hata kesho, duka likiwa limefungwa."

Kelele zilizofuata zilisikika bandarini. Malamo alitoka nyuma ya kaunta akamkumbatia Lia, akamtemea ftu ftu ftu kumkinga na jicho baya, akaiona ile alama nyeusi ya mpira imehamia kwenye hariri yake, akasema haidhuru, hariri inanunuliwa. Kisha akamlisha kipande cha kwanza cha galaktoboureko kwa mkono wake. Kilikuwa na sukari.

Jumatatu Vangelis akalipandisha gari jekundu, akanyoosha magurudumu yake hadi usukani ukakaa sawasawa. Alipomaliza akampiga Apostolis kofi la begani, akamwambia kwamba mtu anayetongoza akiwa anaendesha anastahili shimo kubwa kuliko lile, na kwamba harusi ikiwa mwezi wa tisa yeye atacheza, mguu utafuata.

Na lile tairi? Hakuna aliyekumbuka kuliondoa siku ile, na siku ya pili Mama Malamo akakataa lisitoke. Liko dirishani mpaka leo, kati ya keki ya chokoleti na biskuti za lozi, limefungwa utepe mweupe. Wageni wakisimama kushangaa, wakiuliza tairi bovu linafanya nini kwenye duka la keki, Malamo hana maneno mengi. Huwafungulia kioo, akawaambia waoshe mikono kwanza, kisha wapapase.